Umeme wa Mashine ya Kuchomelea Katika Gereji ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na watu wanaotaka kuhamisha kazi ya kuchomelea vyuma kutoka kwenye soketi ya kawaida kwenda kwenye umeme wenye nguvu zaidi, nyumbani kwao. Yanaanza na mambo ya msingi na kuendelea hadi hali zisizo za kawaida. Jibu likigongana na kanuni za umeme za nchi yako, fuata kanuni.

## Kabla ya kununua waya

Kwa nini nisichomeke mashine kwenye soketi yoyote iliyopo?

Mashine ndogo unaweza. Inveta (mashine nyepesi ya kielektroniki) ya kuchomelea bati jembamba kwa ampea 60 au 80 hufanya kazi kwenye soketi ya kawaida bila shida. Tatizo huanza unapotaka kuchomelea chuma cha milimita 5 na kuendelea, kwa sababu soketi ya kawaida imewekewa mpaka: plagi ya pini tatu bapa ya mtindo wa Uingereza ina fyuzi isiyozidi ampea 13, ile ya mviringo ya Ulaya hufika 16, na ya Marekani ni 15 au 20 kwa volti 120 tu. Zaidi ya hapo, soketi hizo mara nyingi zimeungwa kwenye saketi moja na taa za nje, friji au kompresa. Mashine ikivuta umeme mwingi, kila kilichoungwa nayo huteseka, na kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho hupata moto kwanza.

“Volti ya juu” ni volti ngapi hasa?

Inategemea mfumo wa umeme unaoingia nyumbani. Katika nchi zenye volti 230 (nyingine huita 220 au 240), soketi ya kawaida tayari ina volti hizo. Hatua inayofuata ni umeme wa njia tatu, yaani wa fezi (waya zenye umeme) tatu, ambao hutoa takriban volti 400 kati ya fezi moja na nyingine. Namba 400 hupatikana kwa kuzidisha 230 kwa 1.73.

Marekani na nchi zinazofuata mfumo wake, nyumba hupokea waya mbili zenye umeme na nyutro (waya wa kurudishia umeme) moja katikati. Kutoka kwa waya wowote hadi nyutro ni volti 120, na kati ya waya hizo mbili ni 240. Huko, mtu anayesema anataka volti ya juu gerejini anamaanisha 240. Kwa hiyo ukisoma maelekezo ya mashine, angalia kwanza yameandikwa kwa ajili ya mfumo upi.

Nikipandisha volti napata faida gani?

Kazi ileile hufanyika kwa ampea chache zaidi. Joto ndani ya waya hukua kwa mraba wa ampea, maana yake ukipunguza ampea kwa nusu, joto hushuka hadi robo. Ndiyo maana mashine ya volti 240 hutumia waya mwembamba kuliko inayotoa nguvu ileile kwa volti 120. Faida hii iko upande wa umeme unaoingia tu. Unapochomelea, kwenye elektrodi hakuna volti kubwa: tao la umeme huwaka kwa volti 20 hadi 30 hivi, bila kujali mashine imelishwa kwa volti ngapi.

Nisome nini kwenye kibati cha mashine?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu kebo, breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) na soketi vyote hutokana na jibu lake. Kibati kilichobandikwa nyuma au ubavuni mwa mashine kina mambo manne ya kutafuta.

U1 ni volti inayotakiwa, na kando yake huandikwa kama ni fezi moja au tatu, na kama ni hezi 50, 60 au zote. I1max ni ampea nyingi kabisa ambazo mashine inaweza kuvuta kutoka ukutani. I1eff ni ampea zinazolingana na joto halisi la kazi ukihesabu pia muda wa kupumzika. Halafu kuna X, ambayo ni asilimia ya muda wa kuchomelea ndani ya kila dakika 10. X ikiwa 25% kwa ampea 160, unachomelea dakika mbili na nusu, kisha unaiacha mashine ipoe dakika saba na nusu.

I1eff hupatikana kwa kuzidisha I1max kwa kipeuo cha pili cha asilimia hiyo. Mashine yenye I1max ya 36 na X ya 25% ina I1eff ya 18, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 0.25 ni 0.5. Wengi hutazama ile “160” au “200” iliyopakwa kwa herufi kubwa mbele ya mashine na kudhani ndiyo ampea za kutafutia kebo. Hizo ni ampea za kuchomelea, upande wa elektrodi. Ukipima waya wa ukutani kwa namba hiyo utanunua kebo nene kama ya mtambo wa kiwanda.

Kibati kimefutika. Naweza kukadiria?

Unaweza, kwa hesabu ya makadirio. Kwa elektrodi za vijiti, volti ya tao huchukuliwa kuwa 20 jumlisha 0.04 mara ampea za kuchomelea. Kwa ampea 160 ni volti 26.4, na ukizidisha unapata takriban wati 4,200. Mashine hupoteza sehemu ya umeme kama joto, kwa hiyo chukulia inaingiza wati 5,000 hivi. Kwa volti 230 hizo ni ampea 22, ikiwa mashine ina saketi ya kurekebisha uvutaji wa umeme. Inveta za bei nafuu zisizo na saketi hiyo huvuta umeme kwa mapigo mafupi makali, na ampea zake hufika 31 kwa kazi ileile.

Kwa mashine ya waya wa kujisogeza, anza na 14 jumlisha 0.05 mara ampea. Kwa elektrodi ya tangisteni, 10 jumlisha 0.04 mara ampea. Ndiyo sababu mashine moja huvuta umeme mdogo kwa tangisteni kuliko kwa vijiti, hata ukiiweka kwenye ampea zilezile.

Transfoma na inveta zinatofautiana kwa upande wa waya?

Sana. Transfoma nzito ya zamani hupiga mkupuo mkubwa wa umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde pale inapowashwa, na mkupuo huo huweza kukata breka hata kabla hujagusa chuma. Inveta huwaka kwa upole zaidi, lakini haipendi volti inayoyumba, na vichujio vyake huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye athi (waya wa usalama unaoelekea ardhini). Yote mawili yana athari kwenye uchaguzi wa breka, kama majibu ya sehemu inayofuata yanavyoeleza.

## Kebo, breka na soketi

Nitumie kebo ya unene gani?

Kwa shaba yenye ganda la PVC, kwenye hewa ya nyuzi joto 30, kebo iliyobanwa juu ya ukuta hubeba karibu ampea 36 ikiwa ni ya milimita 4 za mraba, 46 ikiwa ya 6, na 63 ikiwa ya 10. Ukiipitisha ndani ya bomba, joto halitoki vizuri, na namba hushuka kuwa karibu 30, 38 na 52. Ukiifukia ndani ya ukuta wenye sufi ya kuzuia joto, hushuka tena. Chini ya paa la bati ambako kuna joto kali mchana, vivyo hivyo.

Kwa gereji nyingi za nyumbani zenye volti 230, mimi napendekeza kebo ya milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32. Inatosha mashine nyingi za hadi ampea 200, na inakuachia nafasi ukibadilisha mashine baadaye. Kebo ya 4 yaweza kukubalika kwa hesabu, lakini tofauti ya gharama huwa ndogo ukilinganisha na kazi ya kubomoa ukuta mara ya pili. Katika mfumo wa Marekani, saketi ya ampea 50 kwa kawaida hufungwa kwa waya wa geji 6, ambao ni kama milimita 13 za mraba.

Usitumie waya wa alumini kwa sababu tu ni mwepesi na rahisi kupatikana. Hubeba umeme mchache kwa unene uleule, huota utando unaozuia umeme, na huhitaji viunganishi vyake maalumu. Wenye ujuzi huufunga vizuri kabisa, ila kwa gereji ya nyumbani shaba hupunguza mambo ya kukosea.

Gereji iko mita 30 kutoka kwenye breka kuu. Inabadilisha nini?

Inabadilisha unene wa kebo, kwa kuwa volti hupungua njiani. Chukua urefu wa kwenda na kurudi, zidisha kwa 0.0175, kisha gawa kwa unene wa shaba. Unapata ukinzani kwa omu. Kwa mita 30 na kebo ya 6, ni 2 × 30 × 0.0175 ÷ 6, yaani omu 0.175. Mashine ikivuta ampea 32, volti 5.6 zinapotea, ambazo ni 2.4% ya 230. Hiyo inavumilika. Kebo ya 2.5 kwa umbali huohuo ingepoteza zaidi ya volti 13, karibu 6%, na ungeona tao likidhoofika na elektrodi ikigandia kwenye chuma.

Lenga upotevu usiozidi 3%. Zaidi ya mita 40 hivi, nenda kwenye 10.

Nichague breka ya ampea ngapi, na herufi B, C na D zina maana gani?

Breka ipo kulinda kebo. Ampea zake zisizidi uwezo wa kebo, na zisipungue mahitaji ya mashine: hiyo ndiyo mipaka yako miwili.

Herufi inaeleza jinsi breka inavyoitikia mkupuo wa ghafla. B hukata papo hapo kati ya mara 3 na 5 ya ampea zake, C kati ya mara 5 na 10, na D kati ya mara 10 na 20. Inveta kwa kawaida huridhika na C. Transfoma kubwa huweza kuhitaji D.

Lakini D ina gharama yake ya usalama. Breka ya D yenye ampea 32 huhitaji ampea 640 ili ikate papo hapo waya wenye umeme unapogusa bodi la mashine. Ili ampea 640 zipite kwa volti 230, njia nzima ya kwenda na kurudi kupitia athi lazima iwe chini ya omu 0.36. B ya 32 ingetosheka na omu 1.4 hivi. Kama athi ya nyumba ni dhaifu na umefunga D, bodi la mashine laweza kubaki na umeme kwa sekunde nyingi huku breka imetulia. Fundi apime njia hiyo kabla ya kufunga D, asikisie.

Breka inakatika kila nikichomelea. Niweke kubwa zaidi?

Usifanye hivyo kabla hujajua kebo iliyo nyuma yake ni ya unene gani. Breka ya 40 kwenye kebo ya milimita 2.5 haitakatika tena, na kebo itapika ganda lake polepole ndani ya ukuta hadi siku itakapopiga shoti. Kati ya mambo yote yanayofanywa gerejini, hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu siku ya kwanza linaonekana kama tatizo limekwisha.

Angalia breka inakatika lini. Ikikatika pale tu unapowasha, ni mkupuo wa transfoma, na tiba yaweza kuwa kubadilisha herufi ya breka (tazama jibu lililotangulia). Ikikatika baada ya dakika kadhaa za kazi, unazidisha mzigo: punguza ampea, heshimu muda wa kupumzika, au funga saketi kubwa zaidi yote kwa pamoja, yaani kebo, breka na soketi. Ikiwa ni breka ya kuvuja umeme ndiyo inayokatika, jibu lake liko chini kidogo.

Nimesikia Marekani breka huruhusiwa kuwa kubwa kuliko kebo. Ni kweli?

Ni kweli, kwa saketi ya mashine ya kuchomelea peke yake. Kanuni za huko zinaruhusu kebo ipimwe kwa I1eff, na breka ifike hadi mara mbili ya uwezo wa kebo hiyo, kwa kuwa mashine hufanya kazi kwa vipindi. Shida ni kwamba soketi hukaa ukutani miaka mingi kuliko mashine. Mtu mwingine akija kuchomeka hita au chaja ya gari inayovuta umeme saa nane mfululizo, ule mwanya unakuwa mtego. Ningefunga kebo inayolingana na breka hata pale kanuni zinaponiruhusu pungufu.

Soketi na plagi za aina gani?

Tumia zile za viwandani za mviringo, zenye kifuniko na pini nene. Za buluu ni za fezi moja, volti 200 hadi 250. Nyekundu ni za volti 400 hivi. Zipo za ampea 16, 32, 63 na 125, na zimeundwa ili ya 16 isiingie kwenye ya 32. Nyekundu ya pini nne ni fezi tatu na athi. Ya pini tano huongeza nyutro. Katika mfumo wa Marekani, soketi ya mashine ya kuchomelea ni 6-50, yenye tundu tatu: waya mbili za umeme na athi, bila nyutro.

Weka pia swichi ya kukatia umeme ukutani, mahali unapofika kwa mkono bila kuvuka mashine. Kuchomoa plagi wakati mashine inavuta umeme huunguza pini, na pini zilizoungua huzaa joto.

Breka ya kuvuja umeme ni ya lazima?

Nchi nyingi huitaka kwa soketi, na pasipotakiwa ningeiweka vilevile. Ya miliampea 30 hukata umeme unapopita mwilini mwa mtu kwenda ardhini. Chagua ya aina A badala ya AC, kwa sababu inveta huvujisha umeme wa mapigo ambao AC huweza kushindwa kuutambua. Kwa inveta ya fezi tatu, soma maelekezo ya mtengenezaji. Wengine hutaka aina B (hii si ile herufi B ya mkupuo). Ipe saketi ya mashine breka yake, ili uvujaji mdogo wa vichujio usijumlishwe na ule wa friji na kompyuta za nyumba nzima.

Ujue mpaka wake. Upande wa elektrodi umetenganishwa na umeme wa ukutani na transfoma iliyo ndani, kwa hiyo ukipigwa na elektrodi, breka hiyo haioni chochote. Mashine iliyowashwa bila kuchomelea yaweza kuwa na hadi volti 80 za umeme wa kugeukageuka, au 113 za umeme wa mkondo mmoja (DC), kwenye kishikio. Glavu kavu na viatu vikavu ndiyo kinga yako hapo.

## Athi

Kibanio cha athi cha mashine hakitoshi kuwa athi?

Hapana, hata kama mafundi wote hukiita hivyo. Kibanio kile ni njia ya kurudishia umeme wa kuchomelea. Athi ya usalama ni waya wa kijani na njano unaotoka kwenye bodi la mashine, ukapita kwenye plagi, hadi kwenye athi ya nyumba. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Mashine yenye plagi iliyokatwa pini ya athi haipaswi kuwashwa hata kwa kazi ya dakika moja.

Gereji imetengana na nyumba. Nichimbie fimbo yake ya athi?

Mara nyingi ndiyo, lakini usitegemee fimbo peke yake. Tuseme fimbo ina ukinzani wa omu 50 ardhini, kiasi cha kawaida kwenye udongo mkavu. Bodi la mashine likiguswa na waya wa umeme, ampea zitakazopita ni 230 ÷ 50, yaani 4.6. Breka ya 32 haitasikia kitu. Palipo na athi ya fimbo tu, breka ya kuvuja umeme ndiyo inayookoa maisha, na haina mbadala.

Kwenye kisanduku cha breka cha gerejini, nyutro na athi zibaki kwenye pau mbili tofauti. Zikiunganishwa huko, umeme wa nyutro utarudi kupitia waya wa athi na kila chuma kilichofungwa nao. Kama nyumba yako hupata athi kutoka kwenye nyutro ya kampuni ya umeme, kuna masharti ya ziada kwa jengo lililotengana. Hilo ni la fundi mwenye leseni.

Waya wa athi wa drili yangu uliungua nikichomelea. Imekuwaje?

Kibanio hakikushika vizuri, au kilikuwa mbali na kazi. Umeme wa kuchomelea, ampea mia na zaidi, ulitafuta njia nyingine: ukapita kwenye bodi la drili iliyolazwa juu ya meza ya chuma, ukaingia kwenye waya wake mwembamba wa athi. Breka haikuona, kwa sababu ilikuwa saketi ya upande wa pili. Bana kwenye chuma kisafi unachochomelea, karibu na kiungo, na uondoe vifaa vyenye plagi kwenye meza. Baada ya tukio kama hilo, waya wa athi wa kifaa hicho upimwe kabla hakijatumika tena, maana chaweza kufanya kazi vizuri huku athi yake imekatika.

## Njia tatu na hali zisizo za kawaida

Mashine yangu imeandikwa 220/380. Naiungaje kwenye njia mbili?

Hizi ni transfoma zenye sehemu mbili za kuungia, au kipande cha chuma cha kuhamisha. Kwenye 380 unatumia fezi mbili bila nyutro, pamoja na athi. Breka lazima ikate fezi zote mbili kwa mpigo mmoja. Breka mbili za kawaida zilizowekwa kando kwa kando hazifai, kwani moja ikikatika, mashine inabaki na umeme.

Hamisha kipande kwanza, plagi ikiwa imechomolewa, ndipo uunganishe. Transfoma iliyoachwa kwenye 220 na kupewa 380 huunguruma na kuungua kwa muda mfupi. Andika volti kwa rangi juu ya plagi, na utumie soketi tofauti kwa kila volti ili mtu mwingine asikosee.

Nina mashine ya fezi tatu lakini nyumba ni ya njia moja.

Kuna inveta zilizoundwa kukubali zote mbili, na kibati kitasema. Kama kibati kinataja fezi tatu pekee, usijaribu kuilisha kwa waya mbili: sehemu ya kwanza ya inveta itabeba mzigo wa waya tatu. Omba kuunganishwa njia tatu, au tafuta mashine nyingine.

Mashine iliyoletwa kutoka Marekani itafanya kazi kwenye volti 230?

Iliyoandikwa 240 ndiyo, ikiwa kibati kinasema 50/60. Utabadilisha plagi: waya zake mbili za umeme huenda laivu (fezi) na nyutro, ule wa kijani huenda athi. Transfoma iliyoandikwa 60 pekee ni suala jingine. Kwa hezi 50, sumaku ya kiini chake hupanda kwa 20%, nayo hupata joto hata bila kazi. Ya volti 120 usiiguse bila transfoma ya kushusha.

Rangi za waya hazifanani na za maelekezo.

Ziheshimu rangi, lakini testa ndiyo iamue. Katika mpangilio wa kimataifa wa sasa, fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro ni buluu, athi ni kijani na njano. Katika mpangilio wa zamani wa Uingereza, fezi zilikuwa nyekundu, njano na buluu, na nyutro nyeusi. Marekani nyeusi na nyekundu zina umeme, nyeupe ni nyutro. Angalia nyeusi na buluu: katika mpangilio mmoja nyeusi ni nyutro, katika mwingine yaua.

Taa za nyumbani zinapepesa nikichomelea.

Volti inashuka kwenye sehemu ya waya mnayoitumia kwa pamoja. Pima volti kwenye kisanduku kikuu na gerejini wakati unachomelea. Ikishuka gerejini tu, tatizo ni kebo yako. Ikishuka na kwenye kisanduku kikuu, kuna kiungo kilicholegea kabla ya hapo, au waya wa kampuni ya umeme ni mdogo kwa mzigo. Taa zikiwa baadhi zinafifia na nyingine zinang’aa kupita kiasi, zima swichi kuu mara moja na uite kampuni, kwa kuwa hiyo ni dalili ya nyutro iliyokatika.

Jenereta ya ukubwa gani?

Chukua U1 mara I1max, kisha zidisha kwa 1.5 hadi 2. Mashine ya volti 230 na ampea 30 huhitaji jenereta ya kilovolti-ampea 10 hadi 14.

Naweza kutumia waya wa kurefushia?

Mfupi na mnene, ndiyo. Waya wa mita 30 wenye milimita 1.5 una ukinzani wa omu 0.7, ampea 20 zikipita, wati 280 zinageuka joto. Ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto hilo halina pa kutokea na ganda huyeyuka. Tandaza wote, kila mara, na uchague wa milimita 4 kwenda juu.

## Kufunga na kupima

Naweza kufunga mwenyewe?

Kuchimba mtaro, kufunga mabomba, kuvuta kebo: kazi hizo wengi huzifanya wenyewe na kuokoa gharama. Kuunga kwenye kisanduku kikuu na kupima mwachie fundi mwenye leseni, kwa sababu upande wa juu wa swichi kuu hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Nchi nyingi pia hutaka cheti cha kazi hiyo, na bima huweza kukiulizia baada ya moto.

Soketi iwe kwenye kimo gani?

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa sakafuni. Weka soketi na swichi mita 1.2 hivi kutoka chini, mbali na mahali panaporukia cheche za grainda. Kebo inayopita karibu na meza ya kazi iingie kwenye bomba la chuma, nalo liunganishwe na athi.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi apime nini?

Mwendelezo wa athi kutoka kwenye tundu la soketi hadi kwenye pau kuu. Ukinzani wa ganda la kebo kwa volti 500 za mkondo mmoja, mashine ikiwa imechomolewa. Usipungue megaomu 1, na kebo mpya hutoa zaidi ya hapo kwa mbali. Mpangilio wa laivu na nyutro. Ukinzani wa njia ya kosa, uliotajwa kwenye swali la herufi B, C na D. Mwisho, breka ya kuvuja umeme kwa kifaa chake, pamoja na kitufe chake cha majaribio.

Plagi inapata joto baada ya dakika chache. Ni kawaida?

Uvuguvugu mdogo ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishikilia, zima. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitiwa na ampea 30, hutoa wati 90 mahali padogo kama ncha ya kidole. Hizo zinazidi pasi nyingi za kulehemu. Kata umeme, thibitisha kwa testa, kisha fungua plagi na soketi zote mbili. Utakuta skrubu imelegea, nyuzi za waya zimekatika, au ncha zimepakwa risasi. Risasi hutulia chini ya skrubu na kulegea, kwa hiyo kata sehemu hiyo na uvike vichwa vya kubana. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, na ukaze tena baada ya wiki chache za kazi. Pini au tundu lililobadilika rangi libadilishwe pande zote mbili, kwa kuwa soketi iliyoungua itaiunguza plagi mpya.